Sakafu ya karakana inapoyumbisha mashine: kutafuta chanzo na kuisawazisha mwenyewe

Boliti ikikudondoka karakanani, usikimbilie kuiokota. Iangalie kwanza inakokwenda.

Kwangu hapa Sakina, Arusha, kila boliti iliyodondoka iliishia sehemu moja, chini ya msumeno wa meza. Masika yakianza, maji yaliyopenya chini ya mlango nayo yalikuja kulala hapohapo. Na mguu mmoja wa msumeno ulikuwa umekalia vipande vitatu vya mbao na kifuniko cha rangi. Banda lenyewe lilijengwa kwa ajili ya gari, na gari halilalamiki likisimama upande. Mashine ya randa inalalamika, na mbao inayotoka humo inasema yote.

Nilifanya kile ambacho wengi hufanya. Nilinunua mifuko mitatu ya saruji, nikachanganya na mchanga, nikajaza bonde, nikalainisha kwa mwiko hadi ikapendeza. Wiki sita baadaye ilibanduka kama ukoko wa ugali. Jirani yangu, fundi mwashi wa siku nyingi, alipita kunisalimia akaiona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Sasa hapa ulipiga sakafu, au ulipaka?"

Nilipaka, kweli. Kumwaga ni kazi ya siku moja na haina siri kubwa. Kinachowashinda watu ni swali linalotangulia: sehemu hii iko chini, iko juu, au inatembea? Majibu hayo matatu yana dawa tatu tofauti, na dawa ya moja ukiipeleka kwa nyingine umetupa saruji. Kwa hiyo yanayofuata nimeyapanga kwa dalili, kama unavyoiona sakafu yako, na kazi ya kumwaga nimeiweka karibu na mwisho.

Meza inacheza, lakini je, ni sakafu?

Anza na hili maana halina gharama. Zungusha mashine robo ya duara, mahali palepale. Kama mguu uleule bado unaelea, mguu ndio mfupi au fremu imejipinda, na sakafu haina kosa. Kama sasa unaelea mguu mwingine, uliosimama pale wa kwanza ulipokuwa, basi ni sakafu. Nimemwona mtu wa Kijenge akipanga kubomoa jamvi zima, yaani lile zege la chini linalobeba sakafu, kwa sababu ya kompresa iliyopinda mguu wakati wa kushushwa kwenye gari.

Na kama una mashine moja tu yenye shida, na haihami, weka boliti za kurekebishia miguu, ufunge, uendelee na kazi zako. Sakafu nzima haivunjwi kwa ajili ya mguu mmoja.

Kuipima

Toa kila kitu nje. Najua, ndiyo sehemu inayochosha, lakini sakafu iliyojaa vitu haipimiki. Fagia hadi vumbi liishe.

Unahitaji rula ya alumini ya mita 2, ile ya kupigia lipu, au ubao mnyoofu. Ukitumia ubao, uhakikishe kwanza: chora mstari kwa kuufuata, ugeuze upande wa pili, uchore tena juu ya mstari uleule. Mistari miwili ikiachana katikati, ubao umepinda, tafuta mwingine. Lala chini, weka tochi nyuma ya rula, na utaona mwanga unapopita. Pitisha rula sakafu nzima, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Bonde lizungushie chaki ya rangi moja, kilima rangi nyingine, na uandike kina chake kwa milimita palepale chini. Sarafu mbili tatu zilizopangwa zinakusaidia kupima kina kama huna kipimo kingine.

Rula inakuonesha mabonde na vilima, lakini haikuoneshi kama banda zima limeelekea upande. Hapo tumia mpira wa maji, ule mweupe unaoonekana ndani. Jaza maji, hakikisha hakuna kiputo hata kimoja, shika ncha moja ukutani na mwenzako aende na nyingine kwenye kila kona. Maji yakitulia pande zote mbili, weka alama. Halafu piga mstari kuzunguka kuta zote kwa urefu ule, kwa mfano mita moja kutoka kona iliyo juu zaidi, na upime kutoka kwenye mstari kushuka sakafuni. Namba zitakazotofautiana ndizo mteremko wako. Mpira wa shilingi elfu chache haujawahi kunidanganya, isipokuwa siku ile mwanangu aliukanyaga katikati.

Hapa kuna mtego. Sakafu ya banda la gari aghalabu humwagwa ikishuka kuelekea mlangoni, sentimita 1 hivi kwa kila mita, ili maji ya gari lililonyeshewa yatoke. Huo si ubovu. Ukiuondoa, maji ya masika yatakaa ndani na wewe. Karakana inaweza kuwa na mteremko na bado ikawa nyoofu. Mashine zako zitarekebishwa kwa miguu. Tunachokitafuta ni mabonde na vilima juu ya mteremko huo.

Kwa kipimo cha rula ya mita 2, mimi huacha chochote chini ya milimita 3. Kati ya milimita 3 na 10 ni kazi ya kujaza kwa mchanganyiko maalum, au kukwangua kilima kilicho jirani. Ikizidi sentimita 1 lakini haijapita 2 na nusu, unahitaji kuchimbia kingo, nitaeleza. Ikizidi sentimita 2 na nusu kwa eneo kubwa, mwaga tabaka jipya zima. Na ikiwa namba za kona mbili za jamvi zinabadilika kati ya kiangazi na masika, usifanye lolote kati ya hayo kabla hujasoma sehemu ya nyufa.

Ukigonga inalia kama debe tupu

Chukua nyundo ndogo, gonga kila sehemu, sikiliza. Zege lililoshikamana linatoa sauti kavu, fupi. Palipoachana panalia wazi. Ukiburuta mnyororo sakafuni utasikia vilevile, na ni haraka zaidi.

Sauti hiyo ina maana mbili. Ya kwanza na ya kawaida ni kwamba sakafu ya juu, zile sentimita mbili tatu zilizopigwa baada ya jamvi kukauka, imeachana na jamvi. Chanzo chake huwa ni vumbi lililoachwa, jamvi lililokuwa kavu likafyonza maji ya mchanganyiko, au mafuta. Dawa ni kubandua yote inayolia, kwa tindo na nyundo, hadi ufike panaposhika. Usiiache eti kwa sababu bado iko nzima. Ukimwaga juu yake, ya kwako itashikana nayo vizuri sana, na siku itakapoondoka itaondoka na ya kwako.

Ya pili ni kwamba chini ya jamvi lenyewe pana uwazi, udongo umeshuka. Utaitambua kwa sauti nzito zaidi, ya chini, na mara nyingi iko kandokando ya ukuta au karibu na mlango. Hiyo inatupeleka kwenye sehemu ndefu.

Nyufa, na upande mmoja uko chini

Si kila ufa ni msiba. Ufa mwembamba kama unywele, pande zote mbili zikiwa usawa mmoja, ni zege lilisinyaa wakati likikauka. Upo karibu kila jamvi lisilokatwa maungio, yaani mistari ya makusudi ya kuliachia zege lipasukie hapo. Pitisha kucha: isipokwama, uache.

Kucha ikikwama, yaani upande mmoja umeshuka, jamvi linatembea au lilitembea. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo inayoamua kama ufanye kazi mwaka huu. Chora mistari miwili ya penseli ya kukatiza ufa, pima umbali wake na tofauti ya kimo, andika tarehe ukutani. Au bandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa gundi kali. Ufa ukitembea kioo kinavunjika. Kisha subiri. Kwetu huku nashauri uvuke angalau masika moja, Machi hadi Mei, maana ndipo udongo unaposema ukweli wake. Ukipima Januari ukakuta umetulia, hujapima kitu.

Kinachosababisha kushuka huwa ni moja kati ya vitatu.

Cha kwanza ni kifusi kisichoshindiliwa. Arusha imekaa kwenye miteremko ya Meru na Moshi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwa hiyo karibu kila kiwanja kina upande uliochimbwa na upande uliojazwa ili kupata usawa. Upande uliojazwa ndio unaoshuka. Mafundi wengine hujaza nusu mita ya udongo kwa siku moja, wanamwagia maji, wanakanyagakanyaga, wanasema tayari. Udongo hushindiliwa tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hivi kila moja, ukiwa na unyevu kiasi. Habari njema ni kwamba kifusi huwa kinamaliza kushuka. Kama ufa wako una miaka na kioo hakijavunjika, inawezekana kazi imekwisha, na unaweza kusawazisha juu.

Cha pili ni udongo wenyewe. Ukishuka tambarare, maeneo ya mbuga chini ya miji hii yana udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ule ambao kiangazi unaweza kuingiza mkono kwenye mpasuko wake. Jamvi jembamba juu ya udongo huo litainuka na kushuka kila mwaka. Hapo kusawazisha juu ni kupaka poda kwenye homa. Ama uvunje, uchimbe udongo huo utoke, ujaze moramu na kushindilia, au ukubali sakafu inayopumua na uweke mashine zenye miguu ya kurekebisha. Mimi ningekuwa kwenye banda la kupanga, ningechagua la pili bila aibu.

Cha tatu ni maji, nacho ndicho kinachosahaulika na ndicho rahisi kutibu. Tembea nje ya banda wakati mvua inanyesha, si baada yake. Angalia maji ya paa yanaangukia wapi. Nimeona mabati yasiyo na mfereji yakimwaga maji futi moja kutoka ukutani, miaka kumi mfululizo, na ndani sakafu ikaanza kuzama kwenye ukuta uleule. Udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi, maji yakipata njia yanaubeba taratibu. Weka mfereji wa paa, peleka maji mbali, au chimba mtaro. Kagua pia bomba linalopita chini ya sakafu: funga kila koki, angalia kama mita inaendelea kuzunguka.

Ikiwa ufa wa sakafu unaendelea ukapanda ukutani, hasa kwa mshazari kwenye kona ya mlango au dirisha, weka nyundo chini. Msingi unahusika, na hilo si jambo la mwongozo kama huu. Ita mhandisi.

Kona za jamvi zimenyanyuka

Hii inawachanganya watu maana inaonekana kama katikati pamezama. Weka rula: ukiona kila kipande cha zege kimeinuka kwenye kingo zake na kona, na ukikanyaga kona inacheza kidogo, jamvi limejikunja. Sehemu ya juu ilikauka na kusinyaa upesi kuliko ya chini, ikavuta kingo juu, kama ubao mbichi uliowekwa juani upande mmoja. Seremala yeyote analijua jambo hili, ila hategemei kulikuta kwenye zege. Linatokea zaidi pale zege lilipokuwa na maji mengi na halikumwagiliwa.

Usijaze katikati. Kata kilima: grinda yenye diski ya almasi ya kusagia zege, taratibu, kwenye kingo zilizoinuka. Lowesha sakafu kwa maji kidogo ukiwa unasaga, au uwe na mashine ya kufyonza vumbi, na uvae barakoa ya maana, si kitambaa. Vumbi la zege lina silika, na silika ikiingia mapafuni haitoki. Mashine ya umeme na maji havipendani, kwa hiyo maji yawe ya kulowesha tu, na waya uning'inie juu.

Kama kona inacheza sana gari likipita, chini yake pana uwazi. Toboa tundu, mimina uji wa saruji mwepesi hadi ukatae kuingia, acha siku kadhaa, halafu ndipo usage.

Sakafu inatoa unga kila siku

Unafagia asubuhi, jioni vumbi jeupe limerudi. Juu ni dhaifu: maji yalizidi kwenye mchanganyiko, au fundi alisugua wakati maji bado yanaelea juu, au alinyunyiza saruji kavu ili akaushe haraka, au mchanga ulikuwa na udongo. Kwaruza kwa msumari. Ukichimbika kirahisi, hakuna kitu utakachomwaga juu kikashika. Saga au chokoa hadi ukutane na zege gumu, hata kama ni milimita 5.

Na hapo watu hukimbilia niru, ule uji wa saruji tupu unaolainishwa juu ya sakafu. Niru ni nzuri barazani. Kwenye karakana, chini ya magurudumu ya jeki, ni ganda jembamba linaloteleza na kubanduka.

Madoa ya mafuta

Dondosha matone ya maji sehemu mbalimbali. Yakizama na kutia doa jeusi, zege liko wazi na litashika. Yakikaa kama shanga, pana mafuta au rangi au nta, na mchanganyiko wako hautashika hata ungekuwa wa saruji tupu. Kosa langu la kwanza lilikuwa hili. Banda lilikuwa la gari, na oili chafu ilikuwa imeingia miaka mingi.

Mwagia maranda, yaache yafyonze, fagia. Kisha sabuni ya unga nyingi, maji ya moto, brashi ya waya, suuza, rudia. Mara tatu si nyingi. Yakigoma, chokoa kwa tindo hadi ufike pasipo na mafuta. Usioshe kwa petroli wala dizeli, kama wanavyofanya gereji nyingi: petroli ndani ya banda ni kutafuta moto, na dizeli yenyewe ni mafuta.

Unyevu unapanda kutoka chini

Bandika kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zikiwa zimefungwa kwa utepe wa gundi, usiku na mchana mzima. Ukikuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi, unyevu unapanda na pengine nailoni haikutandikwa chini ya jamvi. Kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni ukitaka kupaka rangi ya epoksi au kutumia gundi nyeupe ya mbao kama kishikizo kati ya jamvi na sakafu mpya. Hilo la pili tunalipenda sana sisi maseremala kwa sababu ndoo iko karibu. Gundi nyeupe ikilowa inarudi kuwa laini. Usiitumie chini ya sakafu ya saruji.

Sasa kumwaga

Tuseme umejua: jamvi halitembei, limeshika, limesafishwa, ila liko chini. Kabla ya kununua, funga mlango na ufungue. Ukiinua sakafu sentimita 4, geti litafunguka? Mimi nilipima baada ya kumwaga, na ikabidi nikate chini ya mlango wangu mwenyewe niliouchonga kwa fahari.

Jambo moja la kukumbuka kuliko yote: mchanganyiko wa saruji haupendi kuisha kwa ncha nyembamba. Ukijaza bonde na kuacha kingo zikafie kwenye sifuri, kingo hizo zitavunjika. Kata kuzunguka bonde kwa grinda, mstari wima wenye kina cha sentimita 1 hadi 2, chokoa ndani yake, ili kiraka kiwe na ukingo mnene. Kwa mabonde ya milimita chache kuna saruji za kujisawazisha zinazouzwa kwenye mifuko. Zinafaa, lakini ni ghali, zinahitaji kishikizo chake zenyewe, na kipimo cha maji kinafuatwa kama dawa ya mtoto. Gundi ya vigae si mbadala wake. Imetengenezwa kukaa chini ya kigae, haikuandaliwa kukanyagwa.

Kwa tabaka zima lililoshikana na jamvi, unene wa sentimita 2 na nusu hadi 4 ndio unaofaa. Likizidi 5, ongeza kokoto ndogo: saruji 1, mchanga 2, kokoto 3. Chini ya hapo ni saruji 1 kwa mchanga 3. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo kila mfuko unakula ndoo 5 za lita 20 za mchanga. Banda la mita 4 kwa 6, unene wa wastani sentimita 4, ni karibu mita moja ya ujazo. Linataka mifuko 9 ya saruji, nunua 10, na mchanga toroli 15 zilizojaa vizuri. Saruji ya 32.5, namba ya nguvu iliyoandikwa mfukoni, inafaa lipu. Sakafu ya magurudumu mimi naiwekea 42.5. Bonyeza mfuko dukani. Ukihisi mabonge magumu, omba mwingine.

Mchanga ndio unaotuponza huku. Mwingi mweusi wa mitoni ni mzuri, lakini unaochimbwa kwenye mashimo unaweza kuja na majivu na udongo, au na vijiwe vyepesi vya volkano vinavyokunywa maji. Jaza chupa angavu mchanga hadi nusu, maji hadi karibu na shingo, chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache saa tatu. Mchanga utakaa chini na udongo juu yake kama utandu. Utandu ukizidi sehemu 8 kwa 100 za kimo cha mchanga, kauoshe au kanunue kwingine. Na vijiwe vikielea, hapana kabisa.

Jioni ya kuamkia kazi, lowesha jamvi. Asubuhi liwe na unyevu lakini pasiwe na dimbwi. Anza saa kumi na mbili, hasa Moshi na hasa Januari na Februari, kwa sababu chini ya bati saa tano jua litakunywa maji ya mchanganyiko wako kabla hujaufikia kwa rula. Ziba upepo mlangoni kwa turubai.

Vaa viatu vya mpira na glovu. Saruji mbichi inaunguza ngozi, na haiumi mapema, ndiyo hatari yake. Unapiga magoti asubuhi, jioni magoti yamechubuka.

Panga vibonge vya alama kwa kufuata mstari wako wa ukutani, kila mita moja na nusu, vyote vikiwa kwenye kimo ulichokusudia, pamoja na mteremko wa mlangoni. Unganisha vibonge kuwa njia za reli. Kisha paka uji wa saruji kwa brashi ngumu, mita chache tu mbele yako, na umwage mchanganyiko juu yake uji ungali mbichi. Uji uliokauka ni kitenganishi, si kishikizo. Mchanganyiko uwe mkavu kuliko unavyodhani: ukikamata kiganjani unashikana kama tonge, na maji hayachuruziki vidoleni. Msaidizi wako atataka kuongeza maji ili achanganye kwa urahisi. Mkatalie.

Shindilia, vuta rula juu ya reli kwa kuicheza kushoto na kulia, jaza palipobonyea, vuta tena. Sugua kwa kibao ukisharudi nyuma. Acha maji ya juu yapotee yenyewe kabla ya mwiko wa mwisho. Kazi ya gereji usiilainishe kama kioo, maana ikilowa itakuangusha.

Kama jamvi la chini lina ungio au ufa uliotulia, kata tabaka jipya juu yake palepale, siku ya pili. Usipokata, litajikatia lenyewe, na halikati kwa mstari.

Yakitokea baada ya kumwaga

Nyufa ndogo ndogo kabla hata hujamaliza kusugua: jua au upepo. Zikandamize kwa kibao zingali laini na ufunike haraka. Ukiziona kesho yake zikiwa nyembamba na gonga lake liko sawa, ni sura tu.

Kiraka kinalia kama debe baada ya wiki mbili: hakikushika. Rudi kwenye tone la maji na vumbi. Usimwage uji wa saruji kwenye ufa ukitumaini utaingia chini.

Bado pana bonde la milimita 2 hapa na pale: rula ilichezea mahali laini. Liache, mwezi mmoja utalisahau.

Kuanzia masaa machache baada ya kumaliza, funika kwa nailoni au magunia yaliyolowa, na umwagilie siku 7. Si asubuhi tu. Wakati wowote gunia likikauka. Kutembea unaweza baada ya siku moja au mbili. Mashine nyepesi zirudi baada ya wiki, juu ya mbao pana ili miguu isichome. Gari, jeki na msumeno mzito visubiri siku 28. Ukitaka kupaka rangi, hesabu siku moja kwa kila milimita ya unene, baada ya kuacha kumwagilia, kisha rudia jaribio la nailoni.

Msumeno wangu uliporudi niliuzungusha robo ya duara kama nilivyokueleza, na mguu uliokuwa unaelea ulikuwa uleule. Fremu ilikuwa imepinda miaka yote hiyo, juu ya bonde lililokuwa bonde kweli.